Kengele ya Pettiway na uso wa Mlinda Daraja

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Thaddeus Pettiway anapanda ngazi za mtaa wa Hill, mjini Pittsburgh, mfuko wa barua begani. Ngazi ni sitini na nne. Anazihesabu kwa sauti, ingawa anazijua, kwa sababu goti lake la kushoto linapenda kuliwazwa.

Chini kabisa ya mfuko, ndani ya soksi ya sufu, imo kengele ndogo ya shaba, ile ya kuweka mezani na kugonga kwa kiganja. Ameifunga ili isilie njiani. Leo mchana anakwenda kuikabidhi kwa mtu mwingine, baada ya kukaa nayo miaka kumi na tisa.

"Mke wangu ameniuliza kama naumwa," anasema. "Nikamwambia siumwi. Nimeshindwa tu."

Pettiway ana umri wa miaka sitini, na miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo amekuwa mpeleka barua. Hutembea kilomita kama kumi na sita kila siku ya kazi, kwenye theluji na kwenye jua. Mbwa wa mtaa wamemzoea hadi wamechoka kumbwekea.

Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huomba ruhusa ya mchana, akashuka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na watu wakishamaliza samaki wa kukaanga yeye hukaa nyuma ya kengele na kuuliza chemsha bongo. Maswali yote ni ya jambo moja: mashujaa weusi wa vitabu vya katuni. Nani aliruka angani bila joho? Nani hakupigana na majambazi Jumatano kwa sababu ya mazoezi ya kwaya? Anayejibu sawa hupata kipande cha pai ya viazi vitamu.

Sheria ni moja tu, na ilikuwepo kabla Pettiway hajaishika kengele. Atakayemkamata muulizaji kwenye kosa, kengele ni yake.

Hapa Hill anayependwa kuliko wote ni Mlinda Daraja. Kilikuwa kitabu cha kampuni ndogo ya hapa hapa mtaani, kikatoka mara kumi na nne tu, kisha kampuni ikafunga. Shujaa wake ni mfua chuma anayeweza kuzuia daraja lisianguke kwa mkono mmoja, ila anaogopa kuwa mahali pa juu. Hana barakoa. Shangazi yake alimwambia asijisumbue, majirani watamjua kwa mwendo wake.

Na kuhusu Mlinda Daraja kuna swali ambalo hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua. Katika matoleo sita ya kwanza uso wake ni wa kijivu, umepauka kama wa mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Toleo la saba, ghafla, uso ni wa kahawia, umeiva, unang'aa. Kwa nini?

"Moto!" ukumbi mzima hujibu. Kwamba katika toleo la sita alitumbukia kwenye tanuru la chuma, na moto ukampa rangi. Hata mimi nimewahi kulijibu hivyo, na pai nikala.

Mwezi uliopita Pettiway aliuliza swali hilo, watu wakapiga kelele "Moto!", naye akainua kiganja kugonga kengele. Hapo mama mmoja, aliyekaa karibu na mlango na sahani yake ya samaki, akainua uma.

"Hiyo si kweli, mwanangu."

Alikuwa Mama Orlena Grigsby, umri wake miaka themanini na mmoja, wa nyumba ya juu kabisa ya ngazi zile sitini na nne. Pettiway amempelekea barua tangu siku yake ya kwanza kazini. Hakuwahi kumwona kwenye chemsha bongo hata mara moja. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya samaki.

"Mama, kitabu kinasema moto," Pettiway akamjibu kwa upole wa mtu asiye na wasiwasi.

"Nionyeshe kinaposema."

"Mama Grigsby, kula samaki wako kabla hajapoa," akadakia Shemasi Harlan Tubbs, ambaye ameitamani kengele hiyo miaka yote. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. "Moto gani? Yule nilimpaka rangi mimi."

Pettiway anakiri kwamba alichofanya baadaye hakikuwa cha kiungwana. Aligonga kengele, akasema jibu ni moto, akaendelea na swali jingine. Mama Grigsby akafunga kipande chake cha samaki kwenye karatasi, akaondoka.

Usiku huo Pettiway hakula. Kesho yake alitoa toleo la sita na la saba, akasoma kila neno mara tatu. Tanuru lilikuwepo. Moto ulikuwepo. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba moto ulimbadilisha rangi.

"Nilikuwa na miaka tisa kitabu kile kilipotoka," anasema, akisimama kwenye ngazi ya arobaini kuvuta pumzi. "Niliona uso umebadilika, nikajitungia sababu. Halafu nikaisema mara nyingi mpaka ikawa Biblia."

Jumatatu alipanda kwa Mama Grigsby na barua moja tu, bili ya maji. Mama akamfungulia, akamtazama, akaingia ndani. Akarudi na bahasha kubwa iliyogeuka manjano.

Ndani mlikuwa na kurasa za toleo la saba, zimepakwa kwa mkono. Pembeni ya kila uso kulikuwa na herufi na tarakimu za penseli, za kumwambia mchapaji achanganye manjano kiasi gani, nyekundu kiasi gani, buluu kiasi gani. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa umekatwa kwa mstari. Buluu, iliyokuwa ikileta ule ukijivu, ilikuwa imepunguzwa.

"Nilikuwa nalipwa dola mbili kwa ukurasa, na jina langu halikuandikwa popote," anasema Mama Grigsby. "Hilo sikulalamikia. Lililoniudhi ni kila mwezi kumpaka mtoto wa watu kijivu, ati ndiyo rangi yetu. Jioni moja nikazichukua kurasa nyumbani. Mume wangu Cleophus alikuwa ametoka kiwandani, amelala kwenye kiti. Nikaweka karatasi kando ya mkono wake, nikachanganya mpaka rangi zikalingana. Bosi hakuuliza. Sijui hata kama aliona."

Cleophus alifariki miaka kumi na miwili iliyopita.

Saa saba mchana, ukumbi umejaa. Pettiway, bado kwenye sare ya posta, anaitoa kengele kwenye soksi. Anasema wazi kwamba alikosea, kwamba aliambiwa ukweli mbele ya watu, na kwamba aliupuuza.

"Njia ya mwongo ni fupi," anapaza sauti Shemasi Tubbs, "ya kwako imekwenda miaka kumi na tisa! Na sote tumeifuata!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, Shemasi," Pettiway anamjibu. "Nimekubali. Hata hivyo si wewe uliyenishinda."

Anaibeba kengele hadi meza ya karibu na mlango. Mama Grigsby anajifuta mafuta ya samaki vidoleni, anakaa sawa, anauliza swali lake la kwanza.

"Mkono wa Mlinda Daraja ni wa nani?"

Wengine wanatazamana. Pettiway peke yake ndiye anayeinua kidole.

"Wa Cleophus Grigsby, wa kiwanda cha chuma."

Mama anagonga kengele. Anatakiwa kusema "sawa", badala yake anagonga tena.

Pettiway atastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya siku hiyo anataka kila nakala ya toleo la saba iliyobaki Hill ipite mikononi mwa Mama Grigsby. Anazijua nyumba zenye nakala. Nyingi zimo kwenye njia yake ya barua. Ameanza na ya kwake, ile aliyoinunua akiwa na miaka tisa. Anamfungulia ukurasa wa kwanza, anampa kalamu, anamwomba aandike jina lake.

Mama anaandika polepole, mistari miwili, kisha anapuliza wino ukauke.

*Rangi: Orlena Grigsby.*
*Mkono: Cleophus.*