Feni Hujaribiwa Kwenye Radieta

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea kuandika. Niliishia darasa la nane, na kalamu huniendea polepole. Lakini jana kijana wangu, ambaye anajiundia kompyuta ya kupoozwa kwa maji, alirudi nyumbani na feni zinazowaka rangi ya zambarau. Akaniambia, "Mum, jamaa wa duka amenitestia, ziko na upepo mob," yaani upepo mwingi. Nilikasirika hata chai ikanishinda. Sikumkasirikia yeye. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, na inaniuma kwamba bado yanauza.

Basi keti, mwanangu, na wengine mnaosoma mkae pia. Kuna siku moja ya mwaka wa 2008 ambayo haijanitoka, Nakuru ilipokuwa imetulia tena baada ya ghasia za uchaguzi na watu wakaanza kutuletea kazi za harusi.

Nilikuwa msichana wa haya nyingi. Nilifanya kazi kwa Mzee Gurdip, Kalasinga wa kilemba aliyezaliwa papa hapa Nakuru, mwenye studio ya video. Yeye alipiga picha, mimi nikazikata na kuziunganisha. Kompyuta yetu aliiunda mwenyewe. Pampu ndogo ilizungusha maji hadi kwenye radieta, kama ile ya gari lakini ndogo, na feni zikasukuma hewa kupitia vibati vyake vyembamba. Feni za kwanza ziliuawa na vumbi la mji wetu. Mzee akanituma nitafute nyingine.

Wakati huo tulikuwa na harusi ya msichana anayeitwa Wanja. Mamake alitoka Subukia kila mara kuulizia video, kwa sababu baba yake, guka wa Wanja, alikuwa amelala kitandani na hakuweza kwenda kanisani siku ile. Kila asubuhi mzee huyo aliuliza kama video imefika, na kila asubuhi alikuwa amedhoofika zaidi.

Nikaenda duka moja la vitu vya umeme karibu na soko.

"Sasa sista. Feni ya nini?" akaniuliza kijana aliyekuwa akiuza.

"Ya radieta ya kompyuta."

"Radieta ni ya lori, sista." Watu waliokuwa kwenye kaunta wakacheka. Akachomeka feni yenye taa za bluu. "Weka mkono hapa. Unaskia hiyo upepo?"

"Naskia."

"Imetestiwa. Na ikishatestiwa hairudi."

Unaijua hiyo desturi yetu, mwanangu. Kitu cha umeme hujaribiwa kwenye kaunta ukiona, iwe balbu, redio ama pasi. Kikiwaka, umekubali, na lawama zote zinahamia kwako. Nilikuwa sijawahi kujiuliza ni nani anayefaidika na desturi hiyo.

Nikazifunga zile feni. Nikaiambia kompyuta itoe video yote, kazi inayoichemsha kuliko zote. Ilipofikia pale bibi harusi yuko kwenye mlango wa kanisa, kompyuta ikazima. Nikaianzisha upya, ikazima palepale. Radieta ilikuwa moto wa kuchoma kidole, na feni zinazunguka vizuri na taa zake. Niliposogeza uso karibu, nikasikia upepo ukinirudia mashavuni. Ulikuwa unagonga vile vibati na kurudi ulikotoka.

Mamake Wanja alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani. "Baba atauliza kama Wanja ameingia kanisani. Nimwambie nini?"

"Mwambie yuko mlangoni," nikasema.

Nikarudi dukani. Yule kijana hata hakuinua kichwa. "Umeziweka vibaya. Hii si kazi ya kushona, sista." Wakacheka tena. Nikaondoka, nikamwambia Mzee Gurdip kwamba nimeziweka vibaya.

"Hiyo ni wewe unasema, ama ni yeye amesema?"

"Ni yeye."

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema upepo unarudi. Haupiti kwa radieta."

"Mbona hukumwambia hivyo?"

"Walinicheka."

"Hiyo haya yako itanichomea kompyuta," akasema. "Na guka wa watu atakufa akingoja." Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo sababu iliniingia. Akamwaga maji ya radieta kwenye beseni, akaifungua pamoja na feni zake, akanipa nibebe. Tukaenda.

Dukani aliiweka radieta juu ya kaunta. "Testi."

"Mzee, hiyo feni ilitestiwa."

"Ilitestiwa kwa mkono wa huyu msichana. Mimi sipoozi mkono."

Akashikilia kipande cha tishu upande wa pili wa radieta. Feni ikawashwa, taa zikawaka, kelele ikajaa duka. Tishu ikatingishika kidogo tu, kama mtu anayesinzia. Mzee akanigeukia. "Haya. Mwambie bosi kile uliniambia."

Sauti ilinitetemeka, lakini nilisema. Kisha nikanyoosha kidole kwenye rafu ya juu, penye feni ya kijivu, nene, yenye mabawa mapana yaliyokaribiana sana.

"Hiyo haina taa," kijana akasema. "Hakuna mtu huitaka."

"Testi," nikasema mimi.

Tishu ikaruka ikamponyoka Mzee vidoleni. Mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua pasi akaisukuma kwenye kaunta. "Boss, basi na mimi hii unitestie na shati."

Safari hii hawakunicheka mimi. Kijana akabadilisha feni, kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia. Pole hakuniambia, na sitadanganya kwamba hilo limeniisha.

Jioni hiyo video ilitoka yote. Mamake Wanja aliporudi kutushukuru, alisema guka alilala wakati wa hotuba, lakini aliomba irudishwe pale Wanja anapoingia kanisani. Ikarudishwa mara nyingi. Halafu akasema, "Sasa ameingia," akaomba uji.

Mwanangu, feni ya radieta usiichague kwa taa wala kelele, wala kwa upepo unaoguswa hewani mahali pasipo na kizuizi. Tafuta inayoweza kusukuma hewa ipenye kwenye vibati. Mabawa mapana yaliyokaribiana mara nyingi huiweza kazi hiyo. Ikalie radieta bila mwanya wa pembeni, na vumbi ulitoe kabla halijashikana. Na mtu akikuuzia kitu kisha akakucheka kinaposhindwa kazi, usibebe lawama yake ukaenda nayo nyumbani. Ulichokiona kwa macho yako kiseme, hata kama sauti inatetemeka. Kesho tutarudi kwa huyo jamaa wako. Wewe beba radieta, tishu nitabeba mimi.

Mungu akupe mikono mizuri na mdomo usioogopa kaunta, na kazi yako isizimie mlangoni. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali niandikie. Niambie kwenu wauzaji hutesti namna gani. Nitajibu, hata kama ni polepole.