Abee Ndani ya Maporomoko

Wiki nzima nilikuwa nikisafisha meno ya watu nisiowajua. Nafanya kazi katika duka la uchapishaji Changamwe: kadi za harusi, fulana, mabango. Ufundi wa kurekebisha picha kwenye kompyuta nilijifunza kwa kutazama video na kurudia hadi macho yaume. Bango la wiki hiyo lilikuwa la watu wanaoshuka mto kwa boti za mpira huko bara, mto unaoteremka kutoka Mlima Kenya. Ndani ya boti mlikuwa na watu saba, midomo wazi, maji meupe yamewafika kifuani. Niliwaondolea chunusi mmoja mmoja, nikanyoosha kofia zao, nikafuta matone mawili ya maji yaliyokaa vibaya. Mteja alipoliona alifurahi hata akatupa nafasi mbili za kwenda kuushuka mto wenyewe: yangu, na ya mwenzangu wa kazini.

Mwenzangu amezaliwa bara na hamwogopi mtu, ila maji.

"Mimi maji naijua ya kuoga," akasema. "Lakini wewe ni msichana wa Likoni. Nikianguka, utanitoa?"

"Nitakutoa."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Sijui kuogelea. Nimezaliwa Timbwani, huko huko Likoni, navuka kwa feri kila siku ya kazi kwenda na kurudi, na kila siku nasimama katikati kabisa, nimekumbatia mkoba kana kwamba ndio utakaoelea. Mwaka jana niliamua kujifunza, nikajifunza kama ninavyojifunza kila kitu, peke yangu na mlango umefungwa, ili watu wanione nikishajua. Nilijilaza kifudifudi juu ya benchi la mamangu, simu sakafuni, nikapiga mikono na miguu kufuata video. Kwenye benchi naogelea vizuri sana. Mikono yangu haina kasoro. Yaliyobaki yalikuwa maji tu.

Ningeweza kumwambia. Lakini nilijua nikisema atabaki nyumbani, na mimi nitabaki naye, na wale watu saba wa bango wataendelea kupiga kelele bila mimi. Nilikuwa nautaka ule mto kupita kiasi. Basi nikanyamaza, nikanunua daftari, nikaandika amri zote za botini nilizozipata kwenye video, kwa kalamu za rangi tatu.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamume mwembamba wa huko huko, sauti yake kubwa kuliko mwili. Aligawa kofia ngumu na majaketi ya kujiokolea, akampa kila mtu kile alichokiita kasia. Nilijiuma ulimi. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo. Hili la kushika mikononi ni kafi. Kisha akautazama mtandio wangu niliokuwa nimeufunga kwa pini sita usije ukaniaibisha.

"Madam, hii boti ni upepo mtupu. Toa pini zote."

Nikazitoa, nikahesabu: tano. Nikahesabu tena: tano. Nilianza kutoka jasho. Tayari niliisikia boti ikitoa upepo katikati ya mto, na watu wote wakinigeukia.

"Ya sita ninayo mimi," akasema mwenzangu. Alikuwa ameibana kwa meno, anacheka.

Nikauchomeka mtandio chini ya kofia. Kiongozi akapaza sauti: "Nani hajui kuogelea?"

Mwenzangu akainua mkono, akanionyesha kwa mkono wa pili. "Lakini niko na huyu. Wa Mombasa."

"Ah, Mombasa! Wewe kaa mbele, kushoto."

Nikakaa mbele, kushoto. Mwenzangu akakaa nyuma yangu, na vijana wanne kutoka Nakuru wakajaza nafasi nyingine. Kiongozi alikaa nyuma kabisa. Amri zake zilikuwa chache: akisema "mbele" tupige kafi, akisema "chini" tujikunyate ndani. Zote zilikuwamo katika daftari langu. Kitu ambacho hakikuwamo ni jina langu jipya.

Maji ya kwanza yalikuwa madogo. Boti ikapanda, ikashuka, baridi ikanipiga usoni, nami nikacheka kicheko ambacho sikujua ninacho, chembamba kama cha kitoto. Mara nikasikia kutoka nyuma: "Mombasa!"

Nikaacha kupiga kafi, nikageuka mwili mzima, nikamtazama usoni. "Abee?"

Kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa huitika abee, na haitiki kwa mgongo. Mamangu alinifunza hivyo kabla sijajua kufunga viatu. Ukiitwa unageuka, unamtazama, unasubiri kuambiwa.

"Abee nini? Angalia maji! Piga mbele!"

Vijana wa Nakuru wakacheka hadi boti ikatikisika. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu nilijizuia shingo, lakini kiuno kikageuka chenyewe.

"Unaenda kumsalimia?" mwenzangu akaniuliza. "Mpe shikamoo kabisa tumalize!"

Nilikuwa nimelewa furaha. Kila poromoko tulilopita niliomba lije jingine kubwa zaidi, na katikati ya kuomba nikamkumbuka mwenzangu nyuma yangu, ameshika kamba ya jaketi langu kwa vidole viwili, kama mtoto anayeshika kanga ya mamake sokoni. Nikaamua kumwambia pale pale. Maji yalikuwa yametulia, ila mbele kulikuwa na ngurumo.

"Nina neno," nikaanza.

"Mombasa!"

"Abee?"

Niligeuka. Upande wa kulia ukaendelea kupiga kafi kwa nguvu, upande wangu ukafa. Boti ikazunguka ikaingia kwenye poromoko ubavu mbele, ikapanda jiwe, ikasimama wima kama mlango. Uso wa mwisho niliouona ulikuwa wa kiongozi, nami bado nasubiri kuambiwa.

Chini kulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kimya. Mikono yangu isiyo na kasoro ilifanya nisichokijua. Halafu jaketi likanivuta juu, kichwa kikagonga kitu laini, nikapata pumzi, na kulikuwa giza. Nilikuwa chini ya boti iliyopinduka. Sikuelewa hivyo wakati ule. Nilichojua ni kwamba nje, mbali, mtu alikuwa akiita.

"Mombasa! Mombasa uko wapi?"

"Abee!" nikaitika, mdomo umejaa maji.

"Wapi?"

"Abee! Abee!"

Mkono ukapita chini ya ukingo, ukanishika jaketi begani, ukanitoa kwenye mwanga. Alikuwa kiongozi, na alikuwa anacheka huku amekunja uso. "Boti inaniitikia abee! Sijawahi kuona boti yenye adabu!"

Mtumbwi mdogo wa uokoaji, uliotufuata tangu mwanzo, ulikuwa umeshamfikisha mwenzangu kwenye mwamba wa kando. Alikuwa amekaa, meno yanagongana. "Ulisema utanitoa," akaniambia. "Nimekungoja."

"Sijui kuogelea," nikasema. "Sikuwahi kujua. Najua kwenye benchi."

Hakucheka. Alikamua fulana yake, akaigeuza, akaikamua tena. Vijana wa Nakuru walikuwa wakiipindua boti irudi sawa, nami nilisimama pale nikitamani anitukane yaishe.

"Na kiapo ulikula," akasema mwishowe.

"Nilikula. Nisamehe."

"Benchi gani?"

"La mamangu."

Bega lake likaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Kisha kikamtoka kicheko cha kukosa pumzi, nikaangukia mwambani kando yake, tukacheka hadi mbavu zikauma. Alinipiga kofi la mgongo, la kweli, na lilistahili.

Lilibaki poromoko moja, kubwa kuliko yote. Kiongozi akasema kando kuna njia ya miguu kwa anayetaka. Akauliza tena: "Nani hajui kuogelea?"

Mkono wangu ulipanda mrefu kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Mwenzangu akainua wake, akaushika wangu huko huko juu.

"Mombasa? Mtu wa bahari?"

"Abee," nikasema, na wakati huu nilikuwa nimeshamtazama tayari.

Akatikisa kichwa, akamgeukia mwenzangu. "Huyu alikudanganya. Mtatembea?"

Mwenzangu alinitazama, akautazama mto. Niliacha aamue yeye. "Akae mbele," akasema. "Nataka aanze kuanguka yeye."

Kiongozi akatuwekea amri moja mpya kwa ajili yangu: akiita, boti nzima iitike, macho kwenye maji. Ngurumo ikakaribia. Mbele yetu mto ukakatika, ukawa povu tupu.

"Mombasa!"

"Abee!" tukaitika sote sita kwa pamoja, wavulana wa Nakuru wakiwa wa kwanza, na shingo yangu ikabaki mahali pake. Boti ikainamisha pua.

"Maji iko mingi!" mwenzangu akapiga yowe nyuma yangu.

Yalikuwa mengi. Sikumsahihisha.