Mgonjwa wa Martha

Martha wa Gasorwe alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na mikono hiyo ilikuwa na historia yake. Kambini Tanzania, alikokulia, akaolewa na kufiwa na mume, alifua na kupiga pasi shuka za nyumba ya wageni wa mashirika kwa miaka kumi na mmoja. Shuka nyeupe pe, zinakunjwa pembe kwa pembe, zinanukia sabuni. Jioni alizikabidhi, akarudi kwenye hema lake, akalala juu ya mkeka. Siku moja, akiwa ameishika ile pasi ya mkaa, aliweka nadhiri na shahidi wake akawa pasi peke yake: kabla hajafa, atalala siku mbili kwenye shuka zilizopigwa pasi na mtu mwingine.

Aliporudi Burundi na kurudishiwa kipande cha shamba la baba yake, alitenga migomba miwili iliyokuwa nyuma ya choo. Ndizi za migomba mingine zililiwa, ziliuzwa, zilikamuliwa pombe. Za ile miwili zilikuwa za shuka. Kilichopatikana hapo kiliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likaingia chini ya kitanda, na Martha akafunga mdomo wake.

Ubaya wa nadhiri ni kwamba haichagui mwaka. Kopo lilijaa katika mwaka wa shida tupu. Mvua ilikatika maharagwe yakiwa bado yanachanua. Sukari ikawa kitu cha kusimuliwa. Mafuta ya gari yaliadimika mpaka watu wakawa wanakwenda Muyinga mjini kwa miguu, mizigo kichwani, na wanarudi hivyo hivyo. Kilima chao kizima, maana huko kilima ndicho kijiji, kilikula mara moja kwa siku, na ukiwauliza walisema wamezoea. Martha alifikiria kungoja mwaka mwema. Lakini bei zilikuwa zinapanda kila mwezi, na alijua kwamba akizidi kungoja, ndizi zake za miaka yote hiyo zitamtosha kulalia foronya tu.

Basi akaamua kwenda. Ila angeaga vipi?

Kilimani kwao kulikuwa na chama cha ingobyi. Ingobyi ni machela ya kusuka. Mtu akizidiwa hulazwa humo, wanaume wanne wanampandisha mabegani, wanashuka naye bondeni na kupanda naye mpaka hospitali, mvua inyeshe isinyeshe. Usipokuwa kwenye chama, utabebwa na wanao, kama unao. Na wale waliotoka Tanzania hawakupokewa mara moja. "Hawa wataondoka tena," walisema wenyeji. Aliyemsimamia Martha ni mzee Sebastiani, aliyerudi miaka mingi kabla yake na kuaminiwa hadi akawa mkuu wa chama. "Huyu mama namdhamini kwa jina langu," alisema, na jina lake lilikuwa zito. Tangu siku hiyo Martha akawa mtu wa kilima. Kanuni ya chama ilikuwa moja tu kwa msafiri: lazima umuage mkuu.

"Nakwenda Gitega, mzee. Siku tatu."

"Kuna nini huko?"

Martha alikuwa amejipanga kusema "kutembea." Lakini alimtazama mzee, akaona shati lililomlegea mwili kwa njaa ya mwaka ule, na mdomo ukasema mambo yake. "Namuuguza mtu. Anaitwa Amisa. Tulikuwa wote kambini."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Martha yeye alikuwa anaficha afya, na alichosahau ni kwamba kutamka neno "mgonjwa" mbele ya mkuu wa ingobyi ni sawa na kuigonga kengele ya kanisa.

Asubuhi iliyofuata uani kwake hapakuwa na pa kukanyaga. Huyu kaja na kopo la maharagwe, yule na unga wa muhogo, mwingine na viazi vitamu vitano, vitano kweli, amevifunga kwenye kitenge kama zawadi ya harusi. Halafu akaja jirani yake Klara, ambaye Martha alijua fika kwamba jikoni kwake hakukuwaka moto jana yake, akiwa amemkumbatia kuku wake mmoja tu.

"Mpikie supu," alisema Klara. "Mgonjwa haponi kwa maharagwe matupu."

"Klara, si ndiye huyu huyu anayekutagia?"

"Huyo Amisa akipona atanipa mwingine."

Martha alifungua mdomo aseme kweli. Bwana, alikuwa tayari kabisa! Lakini hapo hapo Sebastiani akavua kofia na kuanza sala ya safari, na nani anaikatiza sala? Akaufunga tena.

Aliyemchukua ni Namegabe, mfanyabiashara Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyenunua maharagwe Muyinga na kuyauza Gitega, na ambaye mafuta aliyapata kwa njia alizozijua yeye na Mungu. Ndiye peke yake aliyeijua siri, maana ndiye aliyempigia simu ya kumwekea chumba. Gari lilipovuka kilima cha mwisho akashindwa kujizuia.

"Mama Martha, mi sijaonaka hii kintu tangu nizaliwe. Mutu anaenda ku hoteli na viazi? Na kuku?"

"Nyamaza, Namegabe."

"Mi nanyamaza. Lakini hiyo mugonjwa yako iko na appétit, vraiment!"

Hoteli ilikuwa Gitega, upande wa mtaa wa Mushasha, mahali unapoisikia kengele ya kanisa na kelele za wanafunzi wakitoka shuleni. Kijana wa mapokezi, Olivier, alikuwa na tai shingoni na adabu zake zote. Aliutazama mfuko wa unga, akaviangalia viazi, akamtazama kuku, na kuku akamtazama yeye.

"Maman, karibu sana," alisema. "Na kuku naye iko na réservation?"

Kuku alipewa nafasi nyuma ya jiko. Martha akapewa ufunguo.

Chumbani alifunga mlango, akasimama. Hakukimbilia bomba la maji ya moto, wala dirisha lenye pazia. Aliiendea shuka. Aliipitishia kiganja kutoka juu hadi chini, akafika pembe ya kushoto, akakuta mkunjo. Akaivuta, akaanza kuikunja upya, halafu akakumbuka kwamba hiyo si kazi yake tena, akacheka peke yake mle ndani. Alioga maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana. Alilala saa nane mchana, mchana kweupe, wakati wenzake wako na majembe. Alifurahi, tuseme ukweli. Alifurahi mpaka akaogopa kwamba furaha hiyo itasikika Gasorwe.

Kesho yake asubuhi Olivier alimletea mkate, siagi, chai yenye sukari, jamani, sukari, na sahani iliyofunikwa.

"Maman, kuku yako imetaga," alisema kwa fahari. "Basi tukakutengenezea omeleti."

Martha aliitazama ile omeleti. Yai lile lilikuwa la Klara. Lingekuwa tumboni mwa mjukuu wa Klara saa hiyo hiyo, kama si mgonjwa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alikata kipande, akakiweka mdomoni, kikagoma kushuka. Na ukifikiria sana, si kitanda kilichomkaba. Kitanda alikitolea jasho. Kilichomkaba ni vile viazi vitano kwenye kitenge.

Akaifunika tena sahani, akajitwisha mzigo wa kilima chake, akaenda hospitali. Na unajua alichofanya huko? Alipita wodi kwa wodi akiuliza kama kuna mgonjwa anaitwa Amisa. Alifikiri, akimpata Amisa yeyote yule, uongo utakuwa umegeuka ukweli, na yeye atarudi kulala kwa amani. Amisa hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa Mwakiro, Dorcas, mguu umefungwa plasta, siku ya sita sasa hana wa kumuuguza, anakula kwa huruma ya kitanda cha jirani.

"Mama," Martha alimwambia baada ya kusalimiana, "nina ombi la kipumbavu. Naweza kukuuguza leo na kesho, lakini itabidi ukubali kuitwa Amisa."

Dorcas aliiangalia sahani. "Ndani mna nini?"

"Omeleti. Na maharagwe nitakupikia sasa hivi."

"Kama ndiye Amisa anayeletewa hivyo," alisema Dorcas, "basi mimi ni Amisa tangu kuzaliwa."

Martha alipika kwenye jiko la wauguzaji, akamlisha, akamsuka nywele, akamfulia vitenge vyake. Jioni alirudi hotelini, akajitupa kwenye shuka, akalala usingizi mmoja mpaka kengele za asubuhi. Unga na viazi vilivyobaki alimwachia Dorcas. Kuku tu ndiye aliyemshinda. Kumchinja kuku anayetaga, katika mwaka kama ule, mkono haukunyanyuka. Akarudi naye.

Hapo ndipo alipokosea. Maana kilimani kwao mtu anayetoka kuuguza hupokewa, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika uani, Sebastiani kwenye kigoda, pombe ya ndizi kidogo ya kukaribishana. Martha akashuka kwenye gari la Namegabe, kuku mzima mkononi, macho makavu.

Klara ndiye aliyemwona kwanza. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kuku amerudi! Mungu wangu, hawakumla! Amisa amefariki!"

Kabla Martha hajatia mguu uani, wanawake walikwisha kuanza kulia. Walilia kweli. Walimlilia mtu wasiyemjua kwa sababu alikuwa wa Martha, na Martha alikuwa wa kwao. Mzee Sebastiani akasimama kwa taabu, akavua kofia, akaanza sala. "Tunamwombea mtumishi wako Amisa, Bwana, umpokee..."

Martha angeweza kuinamisha kichwa. Mambo yangeishia pale: Amisa angezikwa na uongo wake, jina la Sebastiani lingebaki safi, nafasi yake kwenye ingobyi ingebaki. Alijua pia kwamba akisema kweli anaweza kufukuzwa chamani, na siku atakayozidiwa atalala ndani akisikia miguu ya watu ikipita njiani.

"Mzee, usiendelee," alisema. "Mungu hamjui huyo."

Akawaeleza yote. Pasi ya mkaa, migomba miwili nyuma ya choo, kopo, shuka, maji ya moto, yai, Dorcas wa Mwakiro. Hakujitetea. Alipomaliza, hata Namegabe, kule kwenye gari, alikuwa hacheki.

Klara alimpokonya kuku, akamgeuza huku na huku kama mtu anayemkagua mwanawe aliyetoka safari.

"Yaani," alisema taratibu, "kuku wangu amelala hotelini, na mimi sijawahi?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo, halafu uani kote pakalipuka kicheko, wale waliokuwa wanalia wakicheka na machozi yao yale yale. Ila Sebastiani hakucheka. Alingoja wamalize.

"Nilikudhamini kwa jina langu, Martha," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Kwa uongo utatoa chungu kimoja cha pombe, tutakinywa hapa hapa." Akavaa kofia yake. "Kwa kulala, chama hakikutozi kitu. Miaka yote hii nimebeba watu, na kila mtu anangoja avunjike kwanza ndipo atuite. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniambia, mzee, nimechoka tu. Ungeniambia umechoka, tungekuchangia vilevile."

Martha hakuwa amelia tangu alipotoka Tanzania. Siku ile alilia, mbele za watu wote, akijifuta kwa mikono yake mikubwa, na hakuona haya.

"Mimi kuku nisingetoa," alisema Klara, ili mambo yawe wazi. Halafu akamsogelea, akamnong'oneza: "Hayo maji ya moto, yanatoka yenyewe?"

"Yenyewe."

"Ukifungua tu?"

"Ukifungua tu, Klara."

Kesho yake alfajiri Martha alisikia jembe nyuma ya choo chake. Akatoka, akamkuta Klara ameinama, amekuja na ndoo ya samadi kutoka kwake, anaitilia ile migomba miwili, na kuku wake anaparua pembeni.

"Unafanya nini, jirani?"

"Wewe si umeshalala," Klara alijibu bila kuinua kichwa. "Zamu yangu."