Miraba Mgongoni mwa Gaskins

Kwa miaka kumi na mitatu Thaddeus Gaskins alifanya kazi ya kuziba mapaa ya Filadelfia kwa lami, na hakuna aliyewahi kumwona bila shati. Jua la Julai likiwaka, wenzake walibaki vifua wazi. Yeye alifunga vifungo mpaka shingoni.

"Gaskins, umeficha mke wa nani humo ndani?"

"Wa kwako," aliwajibu, wakaangua kicheko, yeye akaendelea na kazi. Hata mkewe, Verdell, alikuwa ameambiwa tu kwamba ni makovu ya moto.

Kiangazi cha mwaka 1977 akaja fundi mgeni, Alonzo Purnell, mtu mzima mwenye mvi. Ilipofika saa sita mchana Purnell akavua shati. Mgongo wake ulikuwa miraba mitupu kama ubao wa drafti, mingine myeusi tii, mingine imepauka. Gaskins akaweka ndoo ya lami chini, akamsogelea.

"Kule mahabusu, ulikuwa jengo la ngapi?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Purnell akamtazama vizuri. "La nane. Na wewe, ndugu yangu?"

"La nne. Miezi saba, nangoja kesi ambayo haikusikilizwa."

Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Daktari mzungu alipita mahabusu akitafuta watu wa kujaribu sabuni ya watoto, na karibu wote waliojitokeza walikuwa Weusi. Gaskins akasaini. Wakambandika viraka mgongoni, wakamwangazia taa kali hadi ngozi ikatoa malengelenge. Alipopiga kelele kwamba anaungua, daktari alitazama saa, akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Jioni ile Gaskins alimweleza Verdell yote. Verdell hakumlaumu, alilia, kisha akauliza, "Wengine wako wapi?"

Wakawatafuta. Walipofika wanaume kumi na wanne wakaenda mahakamani. Wakili wa daktari akainua karatasi.

"Hii si saini yako?"

"Yangu. Lakini mimi nilisaini sabuni, mzee. Kuunguzwa sikusaini."

Jaji akasema muda wa kudai umepita. Walichopata ni mafaili yao tu. La Gaskins lilikuwa ukurasa mmoja: namba, na neno "hakulalamika." Alilisoma mara tatu. Kisha akamsogezea Verdell kalamu, maana mwandiko wa mkewe ulikuwa mzuri zaidi.

"Andika hapo chini: alilalamika. Na jina langu weka, lote."

Tangu atoke mahabusu hakuwa amekanyaga hospitali. Majira ya baridi yale miraba ilimwasha hata asilale, Verdell akamsindikiza. Daktari kijana akafungua kopo la dawa.

"Ngoja kwanza," Gaskins akasema. "Hiyo ni nini? Imechanganywa na nini? Mama yako ungempaka?"

Daktari akavuta kiti, akajibu moja baada ya jingine. Nje, foleni ikaanza kunung'unika. Verdell akachungulia mlangoni.

"Vumilieni, jamani. Mume wangu anauliza."