Bibi Aliyeliomba Maji Paa la Stesheni

Shule niliiacha mapema, hasara ikawa ya shule, kwa maana hapa Dodoma hakuna anayelijua gari la moshi kunizidi. Juzi mvua ilipiga mjini tu, ya muda mfupi. Mapaa yetu ya udongo yaliinywa yote. Paa la stesheni, kwa kuwa ni la bati, liliimwaga kwenye mfereji, na tangi la gari la moshi likajaa bila mtu kushika jembe. Nilibaki mdomo wazi, na mimi si mtu wa kubaki hivyo.

Ndipo akafika bibi mmoja na kibuyu, kutoka upande wa Msalato.

“Kwetu halikudondoka hata tone. Ndama wangu hawezi tena kusimama.”

“Haya ni maji ya gari la moshi, mama,” askari mlinzi akasema.

“Kila kisima kina aliyekichimba, naye akiombwa hanyimi. Nionyeshe aliyechimba hapa, nimwombe.”

Askari, Mgogo kama bibi, alijikuna kisogo. Mwishowe akanyoosha kidole juu, kwenye bati.

“Bibi, bati halina masikio,” nikamtania.

Aliweka kibuyu chini, akapiga makofi mawili taratibu, akainua uso. “Mwenye maji, naomba. Ni ya ndama.”

Tukangoja. Askari alitazama paa, akamtazama bibi, kisha akafungua bomba.

“Amekubali,” akasema.

Nikavua kofia, wasomaji wangu. Mpaka leo sijui nilimvulia nani kati ya wale watatu.