Jora Mapajani

Fundi wa cherehani katika soko la Koboko haongei sana, kwa kuwa midomo yake kutwa imebana pini. Mguu wake hauachi pedali. Akitaka kusikiliza jambo, huweka kiganja juu ya gurudumu mpaka litulie. Kevina, anayeuza ufuta, simsim, kibanda cha pili, amemzoea hivyo tangu alipompelekea mwanawe Acidri, kijana wa miaka ishirini mwenye usonji, ajifunze kushona. Zamani, makelele yakizidi, fundi alikuwa akimwekea Acidri jora zima la kitenge mapajani, maana uzito humtuliza. Siku hizi huliacha tu karibu naye, kisha hugeuza uso.

Jana lori la kwenda mpakani lilipiga honi mlangoni. Acidri akaacha kushona, akaziba masikio, akaanza kuyumba. Kevina alikuwa ameshainuka na kufika kwa fundi, lakini mguu ule usioacha pedali ukanyooshwa kumzibia njia, fundi hata hakumtazama. Wakangoja. Acidri akapapasa, akalivuta jora mapajani mwenyewe, akawa anavuma chinichini. “Huyu mtoto iko na nini?” akauliza mama aliyekuja kuchukua blauzi yake. Fundi akatema pini kiganjani. “Mtoto gani? Huyo ndio fundi yako, mama. Ngoja yeye.” Yule mama akangoja. Sindano ya Acidri ikaanza tena kugonga. Kevina akarudi kwenye simsim yake, akakaa, na mikono yake hakujua aiweke wapi.