Ukurasa wa Kumchagua Rais

Rukiah Fadhul hakusomea sheria. Kazi yake, katika maktaba ndogo ya ofisi moja ya mawakili mjini Kampala, ilikuwa kubandika. Sheria ikibadilishwa, vilikuja vipande vya karatasi vilivyopigwa chapa. Yeye alivikata, akavipaka gundi, akavibandika juu ya maneno ya zamani. Kwa kubandika huko alijifunza mengi bila kukusudia. Alijua kwamba zamani rais alichaguliwa na wabunge kutoka miongoni mwa wafalme na wakuu wa wilaya. Alijua pia kwamba ilipokuja katiba ya mwaka sitini na saba, kiongozi wa chama chenye viti vingi bungeni ndiye aliyekuwa rais. Kisha jeshi likachukua nchi, bunge likafungwa, na kuhusu uchaguzi hakikuja kipande tena.

Mwezi wa Juni mwaka sabini na sita redio ikatangaza kwamba mkuu wa nchi sasa ni rais wa maisha. Kesho yake Mzee Hippolyte, msimamizi wa maktaba, alimwita akiwa na wembe mkononi.

"Ule ukurasa wa kumchagua rais, utoe."

"Mzee, hatujaletewa karatasi ya kubandika mahali pake."

"Ndiyo maana nasema utoe, uuchome. Mtu akiukuta hapa atauliza kwa nini bado tunao."

Mzee akampa wembe. Rukiah akaukata ukurasa, lakini kuuchoma kulimshinda. Akauficha ndani ya kitabu cha sheria za mifugo ambacho hakuna aliyekisoma.

Kila Alhamisi alikuja Bwana Ogwal, mwalimu kutoka Kyambogo, mtu wa kabila la Lango la kaskazini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku hizo alipita mjini akiwa ameinamisha kichwa, maana rais aliyepinduliwa alikuwa wa kabila lake, na watu wa kabila hilo walikuwa wakichukuliwa ovyo na askari. Alhamisi hiyo alifungua kitabu cha katiba, akapapasa pale ukurasa ulipokatwa, akamtazama Rukiah.

"Dada, wanafunzi wangu wameniuliza rais huchaguliwa vipi. Nikawaambia nitawaletea jibu."

Rukiah alitazama mlangoni. Mzee Hippolyte alikuwa ametoka. Akaleta kitabu cha mifugo, akaufungua ukurasa ule mbele yake. Mwalimu akanakili yote kwa penseli, akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Ijumaa walikuja wanaume wawili wa usalama waliovaa miwani myeusi na viatu vya soli nene. Mmoja aliweka mezani karatasi yenye mwandiko wa penseli. Rukiah aliutambua mara moja.

"Nani napatia mwalimu maneno hii?"

Mzee Hippolyte alisema ukurasa huo haumo humu. Wakafungua kitabu, wakaona kweli haumo. Yule mtu akamgeukia Rukiah.

"Na wewe, mama? Jina yako?"

"Rukiah Fadhul."

"Fadhul ya Bombo? Mnubi?" Akacheka, akamgusa mwenzake begani, maana Wanubi wengi walikuwa askari wa rais yule. "Huyu ni wetu. Mama, wewe najua kitu?"

"Sijui," alisema Rukiah.

Wakaondoka. Mzee Hippolyte akashusha pumzi, akamwambia amshukuru Mungu kwa jina la baba yake. Rukiah hakuweza. Neno lile, *huyu ni wetu*, lilimzuia.

Alimwendea kaka yake Kasim, sajini jeshini, amwulizie mwalimu yuko wapi. Kasim aliacha kula.

"Umeuliza mara moja, nimesahau. Ukiuliza mara ya pili, utanitafuta na mimi."

Jumapili, Rukiah alitoka kwake Bwaise, akaenda Kyambogo hadi nyumba za walimu. Adyero, mke wa Ogwal, alikuwa akifunga mizigo arudi kwao Lira. Alipoona vazi la Kinubi mlangoni alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi ndiye niliyempa ule ukurasa," alisema Rukiah kabla hajakaribishwa.

Adyero alikaa juu ya sanduku. "Walisema ameiba siri ya serikali. Ilikuwa siri gani?"

"Haikuwa siri. Ni sheria ya zamani, namna ya kumpata rais."

"Na wewe, hawakukuuliza?"

"Waliniuliza, nikasema sijui."

Rukiah alingoja atukanwe, afukuzwe, angeona nafuu.

"Unayakumbuka maneno ya ukurasa huo?" aliuliza Adyero.

Rukiah aliyakumbuka. Akayasema polepole: uchaguzi, wabunge, chama chenye viti vingi, kiongozi wake, muda wake. Adyero alisikiliza mpaka mwisho, macho sakafuni.

"Basi? Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Adyero akainuka. "Shika upande ule," alisema. Wakalibeba sanduku pamoja hadi kituo cha mabasi. Basi lilipoondoka Adyero hakupunga mkono.

Ogwal hakuonekana tena, wala kaburi lake halikujulikana. Jumatatu Rukiah hakwenda kazini, wala Jumanne. Mzee Hippolyte alipotuma mtu kumwuliza kama anaumwa, alijibu kwamba haumwi, ila kazi ile ya kukata na kubandika hataiweza tena.